Sauti Mbili, Uwanja Mmoja

Mimi ndiye niliyemchukia Klementina Zengo kuliko mtu yeyote aliyewahi kukanyaga Sapiwi, kwa hiyo mkitaka habari zake niulizeni mimi. Wengine watawaambia alikuwa mama mpole, mtu wa kanisa, mtu wa watu. Waongo. Mtu wa watu anakukumbuka ukifiwa. Klementina anakukumbuka kwenye daftari, na saa anaandika. Nimegombana naye miaka miwili mizima, na nimemfanyia ubaya mmoja ambao nitausema hapa bila kuuficha, maana mficha uchi hazai. Na leo mtu akitaja jina lake mbele yangu natembea kifua mbele, utadhani ni mimi niliyemzaa.

Sapiwi ni nchi ya pamba na ng'ombe, si mbali na mji wa Bariadi. Wakati ninaosimulia tulikuwa bado chini ya Shinyanga, huu mkoa wa Simiyu ulikuja baadaye sana. Uwanja wetu wa ndege ulikuwa kipande cha ardhi tambarare, kimefyekwa, mawe yamepakwa chokaa kila upande, na pembeni kibanda cha matofali chenye chumba kimoja. Ndani mlikuwa na meza, daftari na redio ya mawasiliano iliyotumia betri ya gari. Humo ndimo alimokaa Klementina tangu mwaka themanini na mbili, mwajiriwa wa serikali, na sare yake ya kaki iliyopigwa pasi ya mkaa.

Msifikirie minara na vioo kama Dar es Salaam. Ndege zilizokuja ni zile ndogo, ya daktari wa misheni, ya watu wa wanyamapori, ya mgeni wa wilaya mara moja moja. Rubani akikaribia anauliza redioni, upepo unatoka wapi, uwanja ukoje. Klementina anawasha kinyesi kikavu cha ng'ombe ndani ya debe, anautazama moshi, anajibu. Kabla ya hapo ameshatoka kuwafukuza ng'ombe. Aliwajua wote na wenyewe. Alikuwa na mluzi wake wa kuchunga, na ng'ombe wa Luhaga, jirani wa uwanja, waliusikia kuliko walivyomsikia Luhaga mwenyewe. Akisharidhika anarudi redioni na kusema maneno yale yale aliyoyasema miaka yote: "Uwanja uko wazi." Hakuna karibu, hakuna habari za safari. Uwanja uko wazi, basi.

Na masikio yake, jamani. Mbwa wa Sapiwi walikuwa wakisikia ndege baada ya Klementina. Ameinama kwenye shamba lake nyuma ya kibanda, anapalilia, ghafla ananyanyuka na kusema, "Hii ya misheni." Wewe husikii kitu. Dakika tano baadaye inatokea ya misheni.

Redio alifunzwa na sista wa zahanati aliyekuwa amemwajiri kufagia. Sista alikuwa akichoka kusimama redioni kumwita daktari, siku moja akamwambia yule msichana wa kufagia ajaribu. Hakuiacha tena. Lakini kabla ya ufagio Klementina alikuwa kitu kingine, na hili lazima mlijue mapema.

Sisi Wasukuma ngoma zetu zina pande mbili, Bagika na Bagalu. Pamba ikishavunwa, tunashindana. Kundi la Bagika linapiga upande huu, la Bagalu upande ule, na watazamaji wanakimbilia kule kunakonoga. Hakuna refa. Miguu ya watu ndiyo kura, na jioni mwenye watu wengi ndiye aliyeshinda. Kwa hiyo kila kundi linabuni vituko vya kuvuta watu, wengine wanacheza na chatu, wengine wanachonga midoli mikubwa kama nyumba. Mzee Zengo, baba yake Klementina, alikuwa manju, kiongozi wa ngoma wa Bagalu, na binti yake alikuwa anacheza na jembe. Analirusha juu, linazunguka, analidaka mpinini bila kuangalia. Watu walitoka mpaka Kimali kuja kumwona. Halafu akabatizwa, akaolewa na Thomasi, akaingia kwenye kikundi cha akina mama wa parokia, na jembe likarudi kuwa la kupalilia. Nilipomjua mimi alikuwa na miaka arobaini na kitu, mnene, mzito wa kutembea, na mtu akimtania kuhusu ngoma alikuwa anageuka kuangalia kwingine.

Mwaka tisini na nne mambo yakafunguliwa. Pamba, ambayo ilikuwa ikinunuliwa na ushirika peke yake, sasa ruksa kununua mwenye uwezo. Yakaja makampuni. Mojawapo likajenga kiwanda cha kuchambua pamba kando ya uwanja wetu, na kwa kuwa wakubwa wake walikuwa wanakuja kwa ndege, likapata kibali cha kuweka redio yake na mtu wake. Huyo mtu nikawa mimi, Kasmiri, umri miaka thelathini, kidato cha nne, nimefundishwa Mwanza wiki sita. Nilipewa shati jeupe lenye vitambaa vyeusi mabegani. Nilipewa redio mpya. Nilipewa na soksi ya upepo, lile fuko jekundu na jeupe linalojaa upepo juu ya mlingoti. Nikawaambia watu, moshi wa mavi ya ng'ombe umekwisha muda wake.

Fahali wawili hawakai zizi moja. Redio zetu zilikuwa masafa yale yale, kwa hiyo rubani akiita Sapiwi wanajibu watu wawili. Mimi nilikuwa na salamu yangu ndefu: "Karibu sana Sapiwi, uwanja wa kisasa, lango la pamba ya kanda ya ziwa." Nimalizapo hapo Klementina ameshatoa upepo, amesema uwanja uko wazi, na rubani ameshashukuru. Nikajifunza kumwahi. Nilimlipa mtu akae juu ya tangi la maji la kiwanda asikilize ndege. Akawa ananipigia kelele ya ndege kila pikipiki ikipita barabara ya Lamadi, na mimi redioni nazikaribisha pikipiki lango la pamba. Nilimfukuza baada ya siku tatu.

Asubuhi moja nilikwenda kibandani kwake kumwambia aniachie marubani wa kampuni.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia mama yule kwa Kisukuma, maana ugomvi hauondoi adabu.

"Mwangaluka, baba. Kaa."

"Sikai. Nimekuja kusema ndege za kampuni ni zangu."

"Ndege ikiwa juu si ya mtu," alisema. "Ni ya yule aliyemo." Kisha akachukua kalamu, akaandika kwenye daftari lake kwamba saa mbili na dakika ishirini Kasmiri wa kampuni amefika, amedai ndege. Alinisomea na kuniuliza kama ameandika sawasawa. Niliondoka bila kuaga.

Daftari lile nililichukia kwa sababu nyingine kubwa zaidi. Mwezi wa tano mwaka tisini na tano alikuja mkubwa wa kampuni na ndege mpya. Rubani akauliza upepo. Klementina akasema unatoka mashariki. Mimi nikatazama soksi yangu, ikanionyesha magharibi, nikasema magharibi, tena kwa sauti. Rubani alikuwa wa kampuni, akanisikiliza mimi. Alitua upepo ukimsukuma mgongoni, breki zikafanya zilivyoweza, uwanja ukaisha, ndege ikaingia kwenye pamba ya Luhaga mpaka katikati. Hakuna aliyeumia. Mkubwa alishuka na suti yake imejaa pamba nyeupe, kama kondoo aliyekatwa manyoya nusu. Kumbe mlingoti wangu tuliuchimbia nyuma ya kiwanda, na upepo ukigonga lile bati unageuka. Soksi ilikuwa inasema ukweli wa nyuma ya kiwanda tu.

Siku ile Klementina hakunicheka. Angecheka ningemsamehe. Aliandika: "Upepo niliotoa, mashariki. Upepo aliotoa Kasmiri, magharibi. Ndege iko shambani kwa Luhaga." Halafu akaja na debe lake mpaka kiwandani, akaliweka karibu na mlango wangu, akasema, "Hili tumia mpaka wahamishe mlingoti." Nililipiga teke. Usiku nikaliokota nikaliingiza ndani. Na nililitumia, basi, nakiri.

Watu wa Sapiwi nao hawawezi kuona wawili wanashindana wakanyamaza. Walianza kuja uwanjani ndege ikisikika, nusu wanasimama kwenye kibanda, nusu kwenye kiwanda. Kwa kuwa baba yake alikuwa Bagalu, wote wa Bagalu wakawa wake. Mimi nikapewa Bagika bila kuombwa. Rafiki yangu Kashindye, manju wa Bagika, akaniambia, "Ngosha, mwanaume mwenzangu, usiogope, sisi tuko nyuma yako." Na mimi mjinga nikafurahi.

Mwezi wa sita mwaka tisini na sita ikaja barua. Serikali ilikuwa inapunguza watu kila mahali siku zile. Walimu wa muda, mabwana shamba, madereva, watu walikuwa wanaamka na kazi wanalala hawana. Barua ilisema uwanja wa Sapiwi utakuwa na redio moja na mtu mmoja, awe wa serikali au wa kampuni, yule atakayeonekana anafaa. Mkaguzi atakuja kwa ndege tarehe kumi na tatu mwezi wa saba, atatusikiliza akiwa angani, kisha atatua na kuamua. Na uwanja utakaoshindwa kupokea ndege siku hiyo utafungwa kabisa. Klementina aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya daftari. Alikuwa na watoto watatu shuleni, na Thomasi alikuwa mgonjwa wa kifua, halimi tena. Mimi nilijua yote hayo. Mimi pia nilikuwa na nyumba ya kulisha, na nilikuwa naitaka ile kazi mpaka nilikuwa naiota.

Nilimweleza Kashindye. Akafikiri, akasema jambo ambalo Msukuma yeyote angelisema: "Huyo mkaguzi ni mtazamaji. Mtazamaji anakwenda kunakonoga. Tumpigie ngoma." Nami nikaona ni akili kubwa. Mkaguzi atakapochungulia dirishani ataona umati mzima uko upande wa kiwanda, kwenye kibanda hakuna hata kuku, atajua mwenyewe mshindi ni nani. Hivyo ndivyo tulivyolelewa kuhesabu. Haikunijia kabisa kwamba watu wa serikali hawahesabu hivyo.

Kashindye hakulala wiki nzima. Alitengeneza ndege. Ndege kabisa, ya miti na magunia ya pamba, imepakwa chokaa, ina mabawa, ina mkia, ndani amekaa mtu amevaa shati kama langu anapunga mkono, na chini wanaume wanane wanaibeba wakicheza. Nilipoiona machozi yalinilenga kwa furaha.

Kilichofuata mnaweza kukikisia. Bagalu nao walipata habari. Asubuhi ya tarehe kumi na tatu Bagika wakapanga ngoma zao upande wa kiwanda, Bagalu wakapanga zao upande wa kibanda, na katikati yao ni wapi? Ni njia ya kutulia ndege. Ilipofika saa nne Sapiwi nzima ilikuwa pale, na Mkula na Bariadi mjini wameongezeka. Bagalu wakamtoa chatu, watu mbio kwenda upande wa kibanda. Kashindye akaitoa ndege yake, watu mbio kurudi upande wa kiwanda. Chatu. Ndege. Chatu. Mamia ya watu wanavuka uwanja kwenda na kurudi, vumbi limetanda, na Kashindye kwa kunogewa akaipeleka ndege yake katikati kabisa ili wote waione.

Klementina alinyanyuka kitini. Alikuwa amesikia.

Mimi niliisikia redioni. "Sapiwi, tuko juu yenu. Kuna ndege nyingine uwanjani?"

Rubani akazunguka mara ya kwanza, akauliza tena, "Sapiwi, hiyo ndege itaondoka lini?" Nikatoka nje nikapuliza filimbi ya kampuni, nikapiga kelele. Nani anasikia filimbi mbele ya ngoma kumi? Polisi wawili waliotumwa kumpokea mkaguzi walikuwa wanasukuma watu, wakisukuma huku wanajaa kule. Nilimshika Kashindye mkono. Aliniambia, "Subiri, Bagalu wanakufa sasa hivi."

Nikarudi mbio ndani, redio ikasema: "Sapiwi, nazunguka mara moja tena. Baada ya hapo narudi Mwanza."

Nilikimbia kwenye kibanda. Sijui nilikimbilia nini, nadhani nilikimbilia mtu mzima. Klementina alikuwa anaandika, ndiyo, kwenye daftari, wakati ule. Alimaliza, akaweka kalamu katikati ya kurasa, akanivutia kiti.

"Kaa hapa," alisema. "Redio haiachwi peke yake ndege ikiwa juu."

"Mayu, nimekwisha."

"Kaa. Usimwambie anachotaka kusikia. Mwambie unachokiona. Ukiona watu, sema watu. Ukiona hakuna watu, unajua la kusema."

Akatoka. Nilimwona dirishani akipita katikati ya umati na sare yake ya kaki, hasemi na mtu, mpaka kwa wapigaji wa Bagalu, wale waliokuwa wa baba yake. Akamnyang'anya kijana mmoja jembe. Akalitazama kidogo. Kisha akalirusha.

Nasema hivi na nywele zinasimama. Lile jembe lilipanda, likazunguka mara tatu, na mama yule mnene, mama wa parokia, akalidaka mpinini bila kuangalia. Wazee wa Bagalu walipiga yowe moja. Akalirusha tena, huku anatembea, anarudi nyumanyuma kwa hatua za ngoma, anawaita wapigaji kwa mkono wake wa kushoto. Wakamfuata na ngoma zao shingoni. Alikuwa anawatoa uwanjani. Alikuwa anajua kitu ambacho mimi mwenye wiki sita za Mwanza sikukijua, kwamba mtu wa Sapiwi hafukuzwi, anavutwa. Akawapeleka ng'ambo ya mawe ya chokaa, ng'ambo ya kibanda, mpaka kwenye malisho ya Luhaga, na watu wote wakamiminika nyuma yake, Bagalu na Bagika, wenye chatu na wasio na chatu. Kashindye alibaki katikati ya uwanja na ndege yake isiyotazamwa na mtu. Alisimama kidogo. Kisha wale wanaume wanane wakaichukua ndege wakakimbia nayo kuwafuata wenzao, kwa sababu nao walitaka kumwona Klementina anacheza.

Nilitazama mwanzo wa uwanja mpaka mwisho. Vumbi, mawe, na kiatu kimoja cha plastiki.

"Upepo unatoka mashariki, wa kiasi," nilisema redioni. Moshi wa debe lake ulikuwa mbele yangu. Salamu yangu ndefu haikunijia hata neno. "Uwanja uko wazi."

Ndege ikatua vizuri sana. Akashuka mkaguzi, Bwana Januarius, mtu mfupi mwenye miwani na mkoba. Hakutabasamu.

"Nani alikuwa redioni mwishoni?"

"Mimi, mzee."

"Umeeleza vizuri. Kwa ufupi, bila mapambo." Akatazama malisho, vumbi lilikokuwa. "Na yule mwenye sare ya serikali anayerusha jembe?"

Mtu mmoja pembeni akajibu kabla yangu kwamba huyo ndiye Klementina, mwenye uwanja.

"Anacheza ngoma kazini," alisema Bwana Januarius polepole, kama anayejisomea. "Niletee daftari lake."

Niliingia kibandani peke yangu. Kalamu ilikuwa bado katikati ya kurasa. Nikasoma alichoandika, nikaichana ile karatasi, nikaikunja, nikaitia mfuko wa shati, shati lile jeupe. Haya, nimesema. Nilifanya haraka kuliko ninavyowasimulia. Kisha nikampelekea mkaguzi daftari kwa mikono miwili, kwa heshima.

Klementina alirudi akihema. Jasho lilikuwa limechora mifereji kwenye vumbi la uso wake, kilemba kimetoka, jembe bado mkononi. Alimwamkia mkaguzi, mkaguzi hakuitikia vizuri.

"Mama, uliacha redio ndege ikiwa angani. Kwa nini?"

"Nimeandika, mzee," alisema. "Someni daftari."

"Nimesoma. Leo hakuna kitu."

Akalichukua. Akaona pale karatasi ilipochanwa, kingo zake za meno-meno zimebaki kwenye uzi. Akanitazama. Nilikuwa tayari. Nina hasira za karibu, mnanijua, angeniita mwizi mbele za watu ningembishia mpaka jua lizame na ningeshinda. Hakuniita. Alilifunga daftari, akalifuta vumbi kwa kiganja, akamrudishia mkaguzi.

"Basi sina la kuongeza," alisema.

Bwana Januarius akatoa fomu. Akaniuliza jina langu kamili. Nikasema Kasmiri, nikakwama hapo. Miaka kumi na minne yule mwanamke aliandika upepo kama ulivyokuwa. Hakuandika kitu kimoja cha kujipendelea. Na mimi ninayeitaka kazi yake nilikuwa na maneno yake mfukoni, na maneno yenyewe yalikuwa yananichoma kifua. Nikaitoa ile karatasi.

"Mzee," nilisema, "nimeichana mimi."

Aliikunjua, akaisoma kwa sauti, na watu walikuwa wameshaanza kurudi na kutuzunguka: "Saa nne na dakika kumi. Ndege ya mkaguzi iko juu. Uwanja una watu na ngoma mbili. Nimemkabidhi redio Kasmiri, anajua kazi. Naenda kuwatoa watu."

Anajua kazi. Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia hivyo, si Mwanza, si kampuni. Aliniandikia yule niliyekuwa namwombea mabaya, tena wakati ambao angeweza kuandika kwamba ngoma zile nimezileta mimi. Nililia mbele ya Bagika wote. Kashindye alitazama pembeni.

Mkaguzi alimtazama Klementina na jembe lake, akamrudishia ile karatasi. Kisha akaandika jina la Klementina kwenye fomu. Mimi hakunitazama tena, na kampuni ilinifukuza Jumatatu yake. Klementina alikemewa kidogo parokiani kwa kucheza. Padri akamwuliza kama anajuta, akasema hapana, padri akacheka yakaisha.

Nililima mpunga Mkula miaka mitatu. Mwaka tisini na tisa alinitumia salamu kwamba ameruhusiwa msaidizi wa kufukuza ng'ombe na kuwasha debe, na kama sitaki niseme mapema. Nilikuja siku iyo hiyo. Miaka kumi nikawa msaidizi wake. Ile karatasi hatukuitaja hata siku moja, na mimi sikuthubutu kuuliza aliipeleka wapi.

Alistaafu mwaka elfu mbili na tisa. Kulikuwa na soda, pilau, na Bagika na Bagalu wote walicheza, ng'ambo ya mawe ya chokaa, alipowaonyesha. Asubuhi ile alikuwa ameandika mstari wake wa mwisho mbele yangu: "Nimemkabidhi redio Kasmiri." Kisha Joyness, binti yake mkubwa, akaleta sanduku la bati lenye madaftari yote ya zamani, akaniambia mama amesema ni yangu sasa.

Wageni walipoondoka nilitafuta lile la tisini na sita. Ukurasa ulikuwepo. Ulikuwa umerudishwa mahali pake, umegandishwa kwa uji wa muhogo, umekunjamana lakini umenyooshwa. Na chini ya yale maneno niliyoyaiba kulikuwa na mstari mwingine, kwa mwandiko wake ule ule, alioandika siku ile ile ya mkaguzi:

"Saa nane mchana. Kasmiri ameurudisha ukurasa mwenyewe. Uwanja uko wazi."